Ukali Niliomsingizia Kamanda

Chonyonyo, Jumamosi mchana

Mwanangu Kemilembe,

Jana tukiwa tunakula uliniuliza swali, nami nikajifanya nimekwamwa na mwiba wa samaki. Nikakohoa, nikanywa maji, nikatoka nje kama mtu anayetafuta hewa, na niliporudi ulikuwa unaosha vyombo na swali lenyewe limeshapita. Sikukwamwa na mwiba wowote. Ulikuwa umesema hivi: "Taata, yule mzee mwenye duka pale Kimuli ameniahidi mtoto wa mbwa, rotiwaila halisi. Nimchukue au nisimchukue?"

Baba mwingine angejibu huku anatafuna. Mimi tangu jana sijapata jibu, na kesho asubuhi unaondoka kwenda kuanza kazi Kimuli. Sasa umekwenda Kayanga kununua godoro na kuwaaga wanakwaya wenzako, nyumba imebaki kimya, nami nimekaa kwenye cherehani ya mama yako kwa sababu ndiyo meza pekee humu ndani isiyoyumba. Nimeanza barua hii mara tatu. Mara mbili za kwanza nilikuwa naandika habari za kuchemsha maji na kuweka chandarua, nikajicheka mwenyewe. Wewe ndiye muuguzi. Nikufundishe nini kuhusu chandarua?

Basi nianze na nyumba yako. Tulikwenda wote kuiona mwezi uliopita, unakumbuka sikusema kitu njia nzima ya kurudi, ukadhani naumwa. Iko nyuma ya zahanati, mlango mmoja, na jirani wa karibu ni shamba la maharage. Muuguzi aliyekutangulia walimvunjia mlango wakabeba mpaka sufuria yenye ugali ndani. Wewe ni binti na utakaa peke yako. Ukiniuliza kama baba tu, nasema chukua mbwa, chukua hata wawili, wenye vichwa vikubwa kama ndoo. Lakini mlango huo huo ndio watakaoujia wanawake wenye uchungu, na baba aliyembeba mtoto mwenye degedege, mbio kutoka huko juu, bila viatu. Watu hao wakimkuta rotiwaila kizingitini watafanya nini? Watasimama mbali wakuite. Na kama hukusikia?

Mimi najua wanafanya nini, Kemi. Wanasimama kwenye milamula, ile miti ya mpakani.

Kuna jambo kuhusu mbwa wetu Kamanda, na kuhusu siku aliyokufa mama yako, ambalo unalijua nusu. Nusu hiyo nilikupa mimi, na niliichagua kama muuza nyanya anavyopanga nzuri juu ya kikapu. Ulikuwa kidato cha pili, ulikuja kutoka shuleni na sare yako, na ulipouliza mama alikufaje nilikwambia: alijikata na mundu kibanjani, kwenye migomba, akapiga enduru, majirani wakaja wakasimama mpakani wakatazama mpaka damu ikaisha. Kila neno hapo ni la kweli. Ndiyo maana limekaa miaka sita bila kuoza.

Unajua enduru ni nini huku kwetu. Mtu akiipiga, hata kama mmegombana jana, hata kama uko bafuni, unatoka na chochote ulichonacho mkononi unakimbilia sauti ilipo. Asiyekwenda anaulizwa na kijiji alikuwa wapi. Kwa hiyo ulipoambiwa majirani walisimama wakatazama, ulijua ni jambo kubwa kuliko kuua. Uliwachukia wote, na zaidi ya wote ukamchukia Mama Koku, kwa sababu nyumba yake ndiyo ya karibu, na kwa sababu siku ya msiba alikuja na kitenge chenye damu ya mama yako, hakuwa hata amebadilisha. Alikunyooshea mikono, wewe ukarudisha yako nyuma ya mgongo. Nilikuona. Nilikuwa hatua nne kutoka hapo.

Sasa sikiliza nusu nyingine.

Tulipohamia hapa kutoka Muleba nilikuwa na duka la pembejeo na kazi ya kununua kahawa, na nilikuwa na kichwa kikubwa. Nilijiona mtu wa mjini niliyewashukia washamba. Kilichoniudhi zaidi ni jinsi watu walivyokuwa wanapita kibanjani kwetu kama kwao. Nyumba yetu, unavyojua, iko katikati ya migomba, humwoni mgeni mpaka awe mlangoni. Huyu anakuja kuomba moto, huyu anakata majani ya kufunikia chakula, huyu anapita tu kwa sababu njia ya kisimani ilikuwa inapita hapo kabla baba yangu hajazaliwa. Mama yako aliwapenda. Aliwapa kahawa ya kutafuna, wakakaa, wakacheka. Mimi nilikuwa nawahesabu.

Kisha tukaibiwa. Kahawa ilikuwa imeanikwa kwenye turubai uani, tulipoamka turubai lenyewe halikuwepo. Sikuwahi kumjua mwizi, lakini moyoni niliwashika wote.

Rafiki yangu mmoja, dereva wa lori, ndiye aliyeniletea Kamanda. Ulimwona likizo moja tu, ukamwogopa, na nilifurahi ulipomwogopa. Mweusi tii, kifua kipana, na yale madoa ya kahawia juu ya macho, ukimtazama unadhani ana macho manne. Watoto wa shule walikuwa wanavuka barabara wakimwona kwenye lori. Nilimuuliza rafiki yangu kwa nini ananipa bure mnyama wa thamani namna hiyo, akacheka mpaka akajishika tumbo. "Chukua tu, ndugu yangu. Huyu wezi walikuja wakachukua mbuzi wanne, yeye amelala katikati ya mbuzi. Wamemruka."

Ndivyo alivyokuwa. Nilimfungia kwenye kibanda cha giza mchana kutwa, kama watu walivyonishauri, eti mbwa asiyeona jua huwa mkali. Alilia kama mtoto. Nikakataza mtu mwingine asimlishe. Mama yako akawa anamlisha ndizi kwa siri nikiwa safarini, anamtoa nje, anamsugua mgongoni kwa ile brashi ya nguo. Mimi nilimwita Kamanda, yeye akimwita Kaana, yaani katoto. Nilirudi siku moja bila taarifa nikawakuta wamekaa kwenye matandazo chini ya migomba, yeye anachambua maharage, jibwa zima limelaza kichwa kwenye mguu wake linakoroma.

"Adelina, unaniharibia mbwa," nikamwambia.

"Baba Kemi, kama kuna wa kuharibika hapa si huyu," akasema, wala hakuinua macho kwenye maharage yake.

Nilikuwa na mbwa wa kutisha asiyetisha. Mtu mwenye akili angemrudisha kwa mwenyewe au angemwacha awe rafiki wa mkewe. Mimi nilitumia kitu pekee nilichokuwa nacho kwa wingi, yaani mdomo.

Nilianza pale wanapokunywa rubisi, Jumapili baada ya misa. Nikasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba mbwa wangu aliuzwa na mwenyewe wa kwanza kwa sababu alimng'oa mtu mkono. Wakanyamaza. Ah, mwanangu, ule ukimya ulikuwa mtamu! Jumapili iliyofuata mkono ukawa mikono miwili. Nikasema aina hii ikishauma taya hujifunga, hata umuue haachii. Hayo nilikuwa nimeyasikia kwenye redio, au niliyatunga, sikumbuki tena. Nikasema hata mimi mwenyewe humpa chakula kwa mti mrefu. Na wao wakayabeba maneno yangu mpaka Nyakasimbi na kuyarudisha yamenona. Mwezi haukuisha, watu wakaacha kupita kibanjani. Njia ya kisimani ikazunguka nje ya milamula, na ile ya zamani ikaota majani.

Nilijiona nimeshinda. Mama yako siku moja aliniambia, "Wiki nzima hajaja mtu hata kuomba chumvi. Tumekosa nini?"

"Tumekosa wezi," nikamjibu. Nilicheka peke yangu.

Aliniomba mara mbili niwaambie watu ukweli. Mara ya pili alikuwa na hasira, na unajua mama yako kukasirika ilikuwa kazi. Alisema, "Mbwa wa watu umempa jina ambalo hana. Siku moja jina hilo litafanya kazi." Nikamwambia jina ndilo linalolinda, meno ni ya nini. Nilijiona mjanja sana kwa kusema hivyo.

Siku yenyewe nilikuwa Kimuli. Ndiyo, huko huko unakokwenda. Ndiyo maana siku ile ya kuiangalia nyumba yako sikuweza kusema kitu. Tulipita uwanja wa mkulima ambaye siku ya kifo mizani yangu ilikuwa imening'inia kwenye mti wake. Nilikuwa napima kahawa, watu wamenizunguka, simu ikaita. Nilikuwa na mikono michafu, nikaiweka spika juu ya gunia. Alikuwa mmoja wa majirani zetu, anahema.

"Mzee, mkeo amejikata na mundu, anapiga enduru. Tumefika wote lakini mbwa wako amesimama njiani anabweka, hatuwezi kupita. Tufanye nini?"

Maneno mawili yalitosha, Kemi. Ingieni, haumi. Basi.

Nilitazama nyuso zilizonizunguka. Walikuwa wamesikia habari za mbwa huyo hata huko Kimuli, kwa sababu mimi mwenyewe nilizipeleka. Mzee mmoja alimgonga mwenzake kiwiko, akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe ni kweli." Nami niliposikia "kumbe ni kweli", Mungu anisamehe, nilijisikia mtu. Nilidhani amejikata kidole. Nilidhani ni zile kelele za wanawake. Nikaegemea gunia nikasema kwa sauti, ili na waliokuwa nyuma wasikie: "Msiingie! Huyo si mbwa wa mchezo, atawararua. Mwambieni Adelina atoke amfunge."

Wakanitii. Watu waliokimbia na majembe na ndoo kumwokoa mama yako walisimama kwa sababu mimi, mume wake, niliwaambia wasimame.

Aliwajibu kutoka ndani ya migomba, wanasema. Alikuwa anasema njooni tu, huyu hana neno. Lakini sauti ilikuwa ndogo, na kati ya neno lake na langu, lipi wangeliamini? Langu lilikuwa limetembea mwaka mzima. Kamanda alikuwa anakwenda na kurudi, anakimbilia ndani, anarudi mpakani, anabweka, anakimbilia ndani tena. Kila aliporudi walirudi nyuma hatua kumi. Mmoja alimpiga jiwe. Alikuwa anawaita, mwanangu. Yule mnyama ndiye pekee mahali pale aliyekuwa anafanya kazi yake, na mimi nilikuwa nimehakikisha hakuna atakayemwelewa.

Mama Koku hakuwepo mwanzoni, alikuwa bondeni kwenye shamba lake la maharage. Alifika mwisho. Alisikia enduru imekuwa mnong'ono. Akauliza mmesimama nini, wakamwambia mbwa, wakamwambia mwenyewe amekataza kwa simu. Walioshuhudia waliniambia alisema, "Basi aniue mimi, nimezeeka," ingawa wakati ule hakuwa mzee hivyo. Alichukua fimbo, akaingia. Mbwa akamjia mbio. Akafumba macho. Alipoyafumbua, Kamanda alikuwa ameshageuka anatangulia, anamtazama nyuma kama anakuja, na mkia unapiga migomba.

Mama yako alikuwa amekaa ameegemea mgomba, mguu umefunguka juu ya goti. Mama Koku alivua kitenge chake akaufunga. Wewe sasa ni muuguzi, unajua kitenge kikifungwa mapema kinaweza kufanya nini, na kikichelewa hakifanyi nini. Walimpandisha kwenye gari la mizigo la mtu aliyekuwa anapita. Hakufika hospitali. Simu ya pili niliipokea nikiwa bado napima kahawa, na ilikuwa sauti ya Mama Koku. Alisema neno moja tu, "Njoo," akakata.

Nimeinuka, nimezunguka uani, nimerudi. Kuna watu husema ukiungama moyo unakuwa mwepesi. Wangu haujawa mwepesi. Nimeungama kwa padri, akanipa sala nikazisali zote, na kila nikimaliza nasikia ile sauti yangu kwenye spika, jinsi ilivyokuwa na raha. Wahenga walisema mdomo uliponza kichwa. Laiti ungekuwa umeponza kichwa changu.

Na bado sijamaliza aibu. Siku ya tatu baada ya mazishi, watu walikuwa wanasema mbwa ndiye aliyesababisha, nami nikawaacha waseme. Nilimwita bwana mifugo amdunge sindano. Nilisema siwezi kuishi na muuaji. Kamanda alipoona nimefungua kibanda alidhani tunatoka, akajinyoosha, akaja kuweka kichwa chake kwenye mguu wangu mahali pale pale alipokuwa akikiweka kwenye mguu wa mama yako. Nilimshika mimi. Bwana mifugo alisema, "Mbona mpole hivi?"

Wewe ulirudi shuleni. Kila likizo ulikuwa unapita mbele ya nyumba ya Mama Koku umekaza shingo, humwamkii. Mtoto wa Kihaya asiyemwamkia mtu mzima, watu wanasema nini? Walisema hukulelewa. Hilo liliniuma kwa ajili ya mama yako kuliko kwa ajili yangu, na siku moja nikapata nguvu nikaenda kwa Mama Koku. Nilimwambia nitakueleza ukweli wote likizo ijayo. Alikuwa anapepeta mahindi. Hakuacha kupepeta.

"Amefika kidato cha ngapi?"

"Cha tatu."

"Mama hana. Ukimwondolea na baba, atabaki na nani? Mwache aninunie mimi. Mimi nina wangu watano wa kuniamkia."

Nikashukuru, Kemi. Ndivyo nilivyo mwoga. Nilitoka pale mwepesi, nimepewa ruhusa. Miaka imepita, umemaliza shule, umemaliza chuo, umekuwa mtu mzima mwenye cheti, na mimi bado naitumia ruhusa ile kama leseni iliyokwisha muda. Yeye amezeeka kweli sasa. Wewe unapopita anasimama mlangoni. Unafikiri anakutazama kwa dharau. Uliwahi kuniambia hivyo. Anangoja tu, labda siku hiyo utageuka.

Sasa nirudi kwenye mtoto wa mbwa, maana ndilo swali lako na sitaki kulikimbia mara ya pili.

Sisemi kwamba rotiwaila ni wapole. Wetu alikuwa mpole. Wako anaweza kuwa tofauti. Wapo walioumiza watu vibaya, wapo walioumiza hata waliowalisha, na mimi si mtu wa kukwambia yupi ni yupi, mimi niliyeishi na mmoja mwaka mzima nikamjua baada ya kumuua. Sisemi usimchukue, kwa sababu siku wakikuvunjia mlango nitakuwa nimekosa tena, na sidhani nina nafasi ya kukosa tena. Sisemi umchukue, kwa sababu naona mwanamke mwenye uchungu amesimama kwenye shamba la maharage anaita "Nesi! Nesi!" na anaogopa kusogea. Nimepima huku na huku kama nilivyokuwa napima kahawa, na mizani haitulii.

Nijualo ni dogo. Ukimchukua, mwonyeshe kwa watu angali mdogo. Akina mama wanaoleta watoto kupimwa uzito wamshike, wamlishe ndizi, wajue jina lake. Asiwe wako peke yako. Na ukiona hata mara moja amemtolea mtu meno kwa dhati, mtoe siku hiyo hiyo, usimwonee haya, usijiambie atabadilika. Mtu akikuuliza kama ni mkali, mwambie kama alivyo. Usizidishe hata kidogo, hata kwa utani, hata ukiwa umeogopa. Hasa ukiwa umeogopa. Nakusikia unasema, "Lakini Taata, wezi wakijua ni mpole atanilinda vipi?" Ndiyo, mwanangu. Hapo ndipo na mimi nilipofikia, na sijawahi kupata jibu. Sidhani liko.

Mimi mwenyewe sijafuga kitu tangu siku ile. Njia ya kisimani haikurudi. Nilikata majani, nikang'oa milamula mitatu kuacha nafasi ya mtu kupita, nikaweka hata jiwe la kukanyagia, lakini watu wameshazoea kuzunguka. Kuanzia kesho nitakuwa peke yangu humu. Nikianguka nitapiga enduru, na sijui nani atakuja. Nasema uongo. Najua mmoja atakayekuja.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii chini kabisa ya begi lako, chini ya sare, uikute ukiwa Kimuli, mbali, mahali ambapo sitauona uso wako. Nilikuwa nimeshaikunja. Halafu nikafikiria: kesho gari la abiria, ule mchomoko, litapita mbele ya nyumba ya Mama Koku, wewe umekaa dirishani umekaza shingo kwa mara ya mwisho, na yeye amesimama mlangoni. Nikaikunjua tena.

Kwa hiyo sitaiweka begini. Kabla hujarudi kutoka Kayanga nitampelekea yeye. Hajui kilichoandikwa, na hatauliza, unavyomjua. Hapana, humjui. Nitamwomba tu akukabidhi mkononi na asiondoke mpaka umalize. Kesho asubuhi nitakwambia kuna kitu chako kiko kwa Mama Koku, nenda ukichukue, na utanitazama kama nimerukwa na akili, na utakwenda kwa sababu gari litakuwa halijafika na wewe, pamoja na yote, hujawahi kunikatalia.

Mimi nitakuwa uani na begi lako na godoro. Ukitoka huko ukapitiliza barabarani, ukatuma mtu achukue mizigo, nitampa. Sitakufuata. Sitakupigia simu kukuuliza umeamua nini, kuhusu mbwa wala kuhusu mimi.

Sasa umefika mwisho wa karatasi. Aliyekupa bado amesimama hapo mbele yako, na miguu inamsumbua siku hizi, hawezi kusimama muda mrefu.

Mwamkie.

Taata